Friji la Mama Najim

Maulida alitoka kwake Kaloleni, Arusha, akiwa mzima wa afya, akaenda Sokon kumjulia hali mke mwenzake aliyekuwa na homa, akarudi yeye ndiye mgonjwa. Wala haikuwa homa. Lilikuwa friji.

Twende taratibu. Maulida, ambaye mtaani wanamwita Mama Najim, ni mke mkubwa wa Mzee Abdulrahman, yule mwenye duka la vipuri vya cherehani. Mke mdogo ni Zakia, mwenyeji wa Tanga, ambaye mzee alimwoa miaka tisa iliyopita na kumpangia nyumba Sokon One. Wake hawa wawili hawakuwahi kugombana hata siku moja, na hilo lisikudanganye. Walisalimiana vizuri, walipelekeana vyakula sikukuu, na kila mmoja alijua idadi ya vijiko vya mwenzake.

Abdulrahman naye ni mtu wa haki mpaka anachosha. Siku mbili analala kwa Maulida, siku mbili kwa Zakia, na zamu haijawahi kuruka. Akinunua kitenge ananunua viwili. Mwaka juzi alinunua mabeseni mawili, moja likapata ufa njiani, akayarudisha yote mawili dukani. Alikuwa akisema anaogopa kufufuliwa ubavu mmoja umepinda kwa sababu ya kupendelea, na Maulida alimwomba Mungu amzidishie woga huohuo.

Sasa mwone Maulida siku ile, amebeba hotipoti la supu, anaingia sebuleni kwa Zakia. Kabla hata hajamwona mgonjwa aliliona friji. Lilikuwa refu kumzidi yeye, la rangi ya fedha, milango miwili, na kwenye mlango mmoja kuna kidude cha kuwekea glasi. Halikuwa na mlio wowote. Ungedhani ni kabati.

"Karibu dada, shikamoo," akasema Zakia kutoka kwenye kochi, kajifunga khanga kichwani. "Samahani siwezi kuinuka. Kama una kiu bonyeza tu hapo na glasi, maji yanatoka yenyewe."

"Marahaba. Sina kiu," akasema Maulida, ambaye koo lilikuwa limemkauka. "Limeingia lini?"

"Wiki iliyopita. Baba Najim hakukwambia?"

"Aliniambia."

Hakuwa ameambiwa kitu. Akakaa, akauliza homa imeanza lini, akaambiwa, na hakusikia hata neno moja. Zakia alipoomba kumiminiwa supu kidogo na nyingine iwekwe kwenye friji, Maulida alifungua mlango na taa nyeupe ikammulika uso mzima. Ndani kulikuwa na rafu za kioo. Kulikuwa na droo ya mboga, droo ya matunda, na sehemu ya mayai ambako mayai yalikaa kwa mstari, kila moja na shimo lake. Aliweka supu, akafunga mlango, na mlango ukajivuta wenyewe kimyakimya.

Roho ilimuuma. Sitaki kuipamba, ilimuuma hasa, hapa chini ya ziwa la kushoto, na iliendelea kumuuma njia nzima mpaka Kaloleni.

Alipofika kwake alisimama jikoni akaliangalia lake. Abdulrahman alilinunua mwaka tisini na tatu, mwaka aliozaliwa Najim, kwa Mgiriki mmoja wa shamba la kahawa kule Usa River aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Lilikuwa friji fupi, nene, lenye rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Mlango wake ulifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Likiwaka lilitetemeka mpaka vikombe juu yake vikagongana, na jirani yake Hedwiga, anayeweka maziwa yake humo kabla ya kuyauza, alikuwa akisema analisikia likikoroma kutoka chumbani kwake. Ila lilipoza. Miaka thelathini na kitu lilipoza, umeme ukikatika na ukirudi, nyumba ikipakwa rangi na rangi ikibabuka.

Lilikuwa na kilema kimoja tu. Kwa miaka kumi hivi ya mwisho lilizoea kuzima lenyewe mchana, na halikuwaka mpaka ligongwe kwa nyuma, upande wa kushoto, kwa kiganja, mara tatu, na mguu wake mmoja uinuliwe kidogo. Mtu aliyejua kuligonga ni Abdulrahman peke yake. Maulida alijaribu akaumia mkono. Fundi friji, Romanus, alijaribu likamgomea mbele za watu. Basi ikawa kila siku baada ya swala ya alasiri mzee anafunga duka, anapita Kaloleni kugonga friji. Siku zake Maulida anapita, siku za Zakia pia anapita. Akishaligonga anakaa kwenye kiti cha jikoni kusikiliza kama limeshika, na wakati anasikiliza anapewa chai, na chai ikiisha anauliza habari za Najim huko Dodoma, anaeleza cherehani gani imemsumbua siku hiyo, anacheka, anafungua mlango kuona kama barafu imeanza, anafunga. Adhana ya magharibi ndiyo inayomwondoa.

Maulida hakuwahi kulihesabu hilo kama kitu. Yeye alihesabu vitenge, mabeseni, na siku mbili kwa mbili. Saa zile za jikoni aliziita kazi ya friji, na kuna siku alinuna kabisa: "Unakuja kwa friji lako, mimi hata salamu unanipa ukiwa umeligeukia."

Abdulrahman alikuwa akitabasamu tu, na kumwomba sukari kidogo.

Alasiri mbili mzee alipopita kugonga, Maulida alijizuia; zamu yake ilipofika, siku mbili baada ya ile safari ya Sokon, hakungoja mzee avue kofia.

"Baba Najim, nimeliona friji."

"Friji gani?"

"Usiniulize friji gani. Lile linalotema maji."

Mzee akavua kofia taratibu, akaiweka mezani. "Zakia hakuwahi kuwa na friji tangu nimwoe. Miaka tisa. Wewe unalo tangu tisini na tatu. Nimeona nikimnunulia mtakuwa sawa."

"Sawa? Mimi langu nalifunga kwa mpira wa baiskeli!"

"Lakini linapoza."

"Lake lina taa ya kukuunguza macho!"

"Mama Najim, mimi sikununua taa. Nimenunua friji. Wewe una friji, yeye ana friji. Hili lako likifa leo, Wallahi kesho yake naleta jingine lilelile, hata rangi isitofautiane. Lakini halijafa. Nikununulie la pili, yeye ana moja, hapo nitakuwa nimepunja nani?"

Hesabu yake ilikuwa imenyooka, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Angekuwa amependelea waziwazi, Maulida angepata la kusema, angelia, angepeleka kesi kwa shehe. Sasa atalalamikia nini? Kwamba lake halifi?

Ikawa mwezi mzima wa mateso. Tena ulikuwa mwezi wa saba, mlima Meru hauonekani kwa ukungu, watu wanatembea na makoti mchana kweupe. Mwenye akili zake anatafuta nini kwenye friji wakati wa baridi ile? Lakini Maulida aliliwaza friji la Sokon akiosha vyombo, aliliwaza akiswali, Mungu amsamehe. Alimwona Zakia akibonyeza glasi. Alimwona mumewe amekaa sebuleni mwa Sokon, miguu juu ya stuli, anakunywa maji yaliyotoka mlangoni, anasema ahsante. Kila lake lilipokoroma alisikia kama linamzomea.

Hedwiga ndiye aliyetia neno, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuja asubuhi kuchukua maziwa yake akamkuta Maulida anafunga ule mpira kwa hasira.

"Ai, Mama Najim, utaukata huo."

"Ukikatika ukatike. Mwenzangu anafungua kwa kidole kimoja."

"Sasa wewe hofu ya nini? Hili likishakufa si anakuletea kama lile? Shemeji alivyo mtu wa haki! Omba tu life."

Akacheka, akabeba ndoo yake akaenda zake. Maulida hakucheka.

Romanus alishamwonya zamani, na karibu kila mtu mwenye friji la aina ile ameonywa: barafu ikijaa kwenye friza usiikwangue kwa kisu. Zima, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Nyuma ya lile bati jembamba kuna bomba la gesi, ukilitoboa basi, umeua. Maulida alilitii neno hilo miaka yote. Kila Ijumaa alizima, akatandika madekio, akangoja.

Ijumaa ile mzee alipoondoka kwenda msikitini, hakuzima. Alichukua kisu cha kukatia nyama. Alifungua friza, akatazama barafu ilivyotanda pande zote, nene, ya kijivu, akasema Bismillahi kwa mazoea, halafu akaona haya kuwa ameisema. Pigo la kwanza lilimenya barafu tu. La pili halikuzama. La tatu alilipiga akimwona Zakia machoni mwake, na kisu kikaingia mpaka ncha ikapotea.

Ikasikika sauti ndogo, ssss, ndefu, ya kuvuta, na harufu kali ikampanda puani. Alisimama na kisu mkononi mpaka sauti ikaisha. Dakika chache baadaye friji likatetemeka, likakoroma, likaendelea kukoroma bila kupoza chochote. Akachomoa waya.

Alasiri mzee alipita kama kawaida. Alimkuta Maulida kakaa kibarazani.

"Limekufa," akasema.

Abdulrahman aliingia jikoni. Hakugonga. Alipiga goti, akaingiza kichwa kwenye friza, akapitisha kidole kwenye lile tundu. Romanus akaitwa, akaja na boksi lake, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapa hakuna kazi. Bomba ningeziba. Gesi yake ndiyo siwezi kupata, hii ya zamani haiuzwi tena popote. Mpe wa vyuma chakavu."

Romanus alipoondoka, Abdulrahman alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kisu?" akauliza.

"Barafu ilikuwa nyingi. Nilikuwa na haraka."

"Miaka thelathini na kitu hukuwahi kuwa na haraka."

Maulida aliangalia pembeni. Alijua kuwa mzee amejua, na alijikaza asubiri kugombezwa. Lakini mzee hakugombeza. Alimtazama tu, kwa uso ambao Maulida hakuuelewa, akakunywa chai nusu kikombe, akaaga kabla ya adhana. Siku ile ilikuwa ya Zakia.

Kesho yake asubuhi gari likaleta friji jipya. Ahadi ni ahadi. La fedha, milango miwili, kidude cha glasi, hata rangi haikutofautiana. Maulida alivaa gauni la sikukuu kulipokea. Aliita majirani. Hedwiga alibonyeza glasi mara nne mpaka maji yakamwagika sakafuni, na Maulida akasema waache yamwagike, yatakuja mengine. Mayai aliyapanga kila moja kwenye shimo lake. Wiki nzima alilifuta kwa kitambaa cha hariri, na usoni alionekana kama ameshushwa mzigo wa gunia zima. Sasa walikuwa sawa kabisa, yeye na yule wa Sokon.

Siku ya kwanza ya Zakia, alasiri ikapita, mzee hakuja. Maulida alidhani ana kazi dukani. Siku ya pili hakuja. Siku zake mwenyewe alikuja, kwa wakati, na vifurushi vyake, akala, akalala, asubuhi akaaga kwa adabu kama mtu anayetoka lindoni. Hakukaa jikoni. Angekaa kufanya nini? Jikoni hakukuwa na cha kusikiliza.

Siku nyingine za Zakia zikaja. Maulida alichemsha chai mara mbili, ikapoa yote. Jioni ya siku ya pili akapiga simu.

"Salama huko?" akauliza.

"Salama. Friji linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Alhamdulillahi," akasema mzee, na akakata.

Angemwambia nini? Amuulize kwa nini huji siku ambazo si zangu? Hiyo haikuwa haki yake, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mjini Arusha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkali wa zamu. Akatafuta njia nyingine. Jumanne moja, siku ya Zakia, alipiga simu akasema friji halipozi.

"Lina waranti," akasema Abdulrahman. "Mimi nikiligusa tu inakufa. Nitawapigia wenye duka."

Likaja jibaba kutoka dukani limevaa ovaroli ya buluu, na kipimo chake, likafungua, likapima, likafunga. "Mama, linapoza mpaka linapitiliza," likasema, likampa karatasi atie sahihi. Maulida akatia sahihi kwamba hakuna ubaya wowote.

Hedwiga, ambaye kwa miaka yote ya ujirani wao hakuwahi kujua siku ipi ni zamu ya nani, alimuuliza siku ile jioni kupitia kwenye uzio: "Shemeji amesafiri? Mbona siku hizi simuoni? Nilizoea kumwona kila siku."

"Yupo," akasema Maulida. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha jikoni, na hapo, baada ya miaka tisa, ndipo alipoanza kuhesabu vizuri. Kila siku. Hedwiga alikuwa amesema kila siku. Zakia alipewa siku mbili kwa mbili, na yeye alipewa zake pamoja na kipande cha kila siku ya Zakia, na akakichoma kisu.

Wiki ya tatu Zakia mwenyewe akaja Kaloleni, amepona, amenawiri, na sahani ya visheti imefunikwa kwa kitambaa. Ilikuwa siku yake. Alilisifu friji kama inavyotakiwa, akaliambia mashallah, kisha akakaa jikoni, kwenye kiti kilekile cha mzee, akakunja mikono.

"Dada, mimi sikuja kwa friji. Nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Nikwambie ukweli, mimi si mnafiki. Miaka tisa siku zangu nilikuwa nazipata nusu. Anaingia kwangu usiku umeshaingia, ameshashiba chai yako, ameshacheka huku, kwangu anakuja kulala. Nikimuuliza, friji. Mara ngapi nimelia mimi kwa ajili ya lile friji! Nilimwambia, mnunulie dada jipya. Akakataa katakata, akasema halijafa. Basi nikasema ninunulie mimi, angalau na mimi niwe na kitu cha kumfanya akae."

Maulida hakupepesa macho. Kumbe alikuwa anaonewa wivu yeye. Miaka yote tisa alikuwa anaonewa wivu, na hakuna aliyempa hata taarifa afurahie.

"Sasa siku ile lilipokufa," Zakia akaendelea, kwa sauti ya chini, "alikuja nyumbani mapema. Nikamuuliza, akasema, 'Mama Najim kalitoboa mwenyewe, kwa kisu. Angenambia tu kwamba amechoka mimi kupitapita, ningeelewa.' Ndivyo alivyosema. Hakula siku ile. Tangu hapo saa kumi na moja yuko kwangu, mpaka nakosa nafasi ya kupumzika." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nikasema nije nikusikie mwenyewe, nisifurahie kitu cha dhuluma. Ni kweli, dada? Ulichoka?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa dogo tu, hapana. Lakini baada ya hapana Zakia angeuliza, sasa kisu cha nini? Na jibu la hilo lilikuwa moja, kwamba mke mkubwa, mwenye mjukuu Dodoma, aliona taa ya friji la mke mdogo akashindwa kulala. Alimtazama Zakia, kidevu chake kilivyokuwa laini, bangili zake, mkao wake kwenye kile kiti. Kumwambia huyu? Amwambie huyu kwamba alimwonea wivu?

"Nilichoka," akasema Maulida. "Mtu kila siku yuko jikoni kwako, hupumui."

"Basi Mungu akulipe," akasema Zakia, na ilionekana anamaanisha. Akatazama saa ya ukutani, akainuka haraka. "Niwahi, dada. Huyo sasa hivi anafunga duka, nikichelewa atakuta mlango umefungwa."

Maulida alimsindikiza mpaka getini kama desturi. Walipeana mikono. Zakia akaanza kwenda, sahani tupu kwapani, na Maulida alijua kabisa kwamba lile neno linakwenda naye, na jioni hiyohiyo litatolewa mezani Sokon na mzee atalisikia.

"Zakia!" akaita.

Zakia akageuka, akarudi hatua mbili. Maulida alishika geti. Mdomo ulifunguka, na kwa muda yote yalikuwa tayari ulimini, kisu, wivu, chai inayopoa, na kwamba mzee kesho apite hata bila sababu.

"Mwambie friji linapoza vizuri," akasema.

Zakia akasema atamwambia.